Tabibu wa Wanamichezo si Kocha wa Viungo

Marekani kuna taaluma iitwayo "athletic training". Mfasiri mwenye haraka huiandika "ukufunzi wa riadha", akakosea mara mbili. Kwanza, haihusu mbio na miruko peke yake, bali michezo yote, kuanzia mpira wa kikapu hadi mieleka. Pili, mwenye kazi hiyo hapangi kikosi wala hawakimbizi wachezaji mazoezini. Yeye huzuia majeraha, huyachunguza yanapotokea, hutoa huduma ya dharura, kisha humsimamia mchezaji mpaka arudi uwanjani akiwa amepona kweli.

Tarehe 2 Januari 2023, mjini Cincinnati, Damar Hamlin, mchezaji wa timu ya mpira wa Kimarekani ya Buffalo Bills, aligongana na mpinzani, akainuka, kisha akaanguka chali. Moyo ulikuwa umesimama. Aliyemshindilia kifua pale pale uwanjani ni Denny Kellington, mmoja wa wataalamu hawa. Mwandike "mkufunzi", na msomaji wa Mombasa atajiuliza kocha kajifunza wapi kuamsha moyo.

Kajifunza chuo kikuu. Chama cha wataalamu hao kiliundwa Kansas City mwaka 1950, na kwa muda mrefu mtu aliweza kuingia kazini kwa kujikusanyia saa za uzoefu chini ya mkongwe. Mlango huo ulifungwa mwaka 2004. Chama cha madaktari wa Marekani kilikuwa kimeshaitambua kazi hiyo kuwa taaluma ya afya mwaka 1990, na mwaka 2015 ikaamuliwa kwamba anayetaka kuingia lazima awe na shahada ya uzamili. Mwombaji huja na misingi ya biolojia, kemia, fizikia, saikolojia, anatomia na fiziolojia. Huko mbele humngoja mtihani wa taifa, na katika karibu majimbo yote, leseni.

Darasani ni nusu tu ya habari. Mwanafunzi hupelekwa kwenye timu na kliniki chini ya msimamizi, na walau kwa majuma manne mfululizo hufanya kazi kutwa kama mwajiriwa. Chukua somo la joto kali. Mchezaji anayumba, anaropoka, pengine bado anatoka jasho, kwa hiyo jasho lisimdanganye mtu. Mwanafunzi hufundishwa kupima joto kwa njia ya haja kubwa, maana kipimo cha kwapani au cha paji la uso hupotosha baada ya mazoezi. Likizidi nyuzi 40, mgonjwa hutumbukizwa kwenye beseni kubwa la maji ya barafu, kichwa kikishikiliwa juu, maji yakikorogwa bila kukoma, hadi joto lishuke kufikia kama nyuzi 39. Kanuni yao ni kupoza kwanza, kusafirisha baadaye. Mtu wa kawaida angekimbilia gari la wagonjwa, na dakika za kuokoa maisha zingeishia njiani.

Basi tumwiteje? Magazeti yetu ya michezo yana "kocha wa viungo", lakini huyo hujenga pumzi na nguvu za wachezaji. Yana "mchua misuli" pia, jina zuri lenye picha, ila kuchua ni kipande kidogo mno cha kazi hii. "Daktari wa timu" ni mtu mwingine, naye ndiye anayeshirikiana na mtaalamu wetu na kupokea wagonjwa wake. "Mganga wa timu" nalo lingefaa kwa maana ya mganga mkuu wa mkoa, lakini litamke kwenye soka la Afrika Mashariki uone watu wanavyoanza kukagua magoli wakitafuta hirizi.

Linabaki "tabibu". Tanzania tayari inalo kwa mhudumu wa afya asiye daktari, ambaye huchunguza, hutibu na kutoa rufaa. Kazi yake inakaribiana kwa kiasi na ya mtaalamu huyu. Wakanada nao waliliegemeza jina la kazi hii kwenye tiba, wakaepuka mkanganyiko unaowasumbua majirani zao, ambao huwachanganya wataalamu hawa na walimu wa jimu.

Kwa hiyo napendekeza "tabibu wa wanamichezo" kwa mtu, na "utabibu wa wanamichezo" kwa taaluma na masomo yake. Nimechagua "wanamichezo" badala ya "michezo" kwa sababu anayetibiwa ni mtu. Wahariri na wafasiri, "mkufunzi" mwachieni anayefundisha.