Vilele Vinavyogusana: Historia ya Ufafanuzi wa Msuguano Mkavu na Istilahi Zake katika Kiswahili

Reli ya Busoga ilifunguliwa mwaka 1912 kutoka Jinja, mwendo mfupi tu kutoka Bugembe, hadi Namasagali, ili kuyakwepa maporomoko ya Nile. Wahandisi wa garimoshi za enzi hiyo walifuata kanuni moja ya kazi: gurudumu la chuma juu ya reli kavu huvuta kwa kani isiyozidi takriban robo ya uzito linaoubeba. Likizidishiwa huteleza, na dereva hana budi kumwaga mchanga relini. Kwa sadfa, robo hiyohiyo imo katika daftari za Leonardo da Vinci, karne nne kabla. Idadi ilijulikana, sababu yake haikujulikana.

Mwaka 1699 Guillaume Amontons alieleza huko Paris kwamba msuguano huongezeka kwa uwiano wa moja kwa moja na mzigo, wala hautegemei ukubwa wa nyuso zinazogusana. Charles-Augustin de Coulomb, katika kazi iliyochapishwa mwaka 1785, alithibitisha hayo kwa vipimo vingi na kushikilia kwamba chanzo ni meno ya nyuso: vijinundu hunasana, na uso wa juu hulazimika kuvipanda. Ni picha yenye mvuto. Anayesaga ulezi kwa mawe anajua kwamba jiwe likishakuwa laini halisagi vizuri, hugongwagongwa upya ili lipate makali.

Hata hivyo, picha hiyo ina kasoro ambayo John Leslie wa Edinburgh aliiona mwaka 1804. Mwendesha baiskeli anayepanda kilima cha Bugembe kwa jasho hurudishiwa nguvu zake akiteremka. Ikiwa nyuso hupanda na kushuka tu, nguvu zinazopotea katika msuguano zinakwenda wapi? Hoja hii ilikaa zaidi ya karne bila jibu la kuridhisha.

Jibu lilianza kupatikana Cambridge. Mwaka 1939 Frank Philip Bowden na David Tabor, kwa kupima ukinzani wa umeme kati ya metali mbili, walionyesha kwamba nyuso hugusana kwenye vilele vichache tu. Eneo halisi la mguso huweza kuwa sehemu moja ya elfu kumi ya lile linaloonekana, au hata chini yake. Vilele hivyo hubonyea na kushikamana, na msuguano ni gharama ya kuvunja mishikamano hiyo.

Hapo palizuka tatizo jipya, na ndilo tamu kuliko yote katika historia hii. Heinrich Hertz alikwisha kuonyesha, mwaka 1882, kwamba tufe linyumbukalo likikandamizwa, eneo la mguso hukua kwa kipeo cha theluthi mbili cha mzigo. Basi kwa vilele vinavyonyumbuka bila kubonyea moja kwa moja, uwiano wa Amontons unatoka wapi? J. F. Archard alijibu mwaka 1957 kwa kuweka vilele juu ya vilele: kila tabaka linapoongezwa, kipeo husogea karibu na moja. Mwaka 1966 J. A. Greenwood na J. B. P. Williamson walikwenda njia nyingine. Walichukulia kwamba vimo vya vilele vimetawanyika kibahati. Mzigo ukiongezeka, vilele vipya hugusana huku wastani wa ukubwa wa kila mguso ukibaki karibu uleule. Kinachokua ni idadi.

Kwa Kiswahili, suala ni zito kuliko linavyoonekana. Neno *msuguano* halina kosa: kiambishi cha kutendana kinasema nyuso mbili zinasuguana, basi. Kosa huingia katika fasili, pale mwanafunzi anapoambiwa kwamba msuguano "husababishwa na mikwaruzo ya nyuso". Hiyo ni nadharia ya 1785 iliyovishwa vazi la fasili, na metali mbili safi zilizong'arishwa mno, ambazo huweza kung'ang'aniana vikali, zinaikanusha. Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, Julai 2022, maelezo ya namna hii yatawafikia wasomaji wapya kuanzia Jinja hadi Mbale. Yafaa wayakute yakitofautisha *eneo halisi la mguso* na *eneo la kuonekana*. Bila jozi hiyo ya istilahi, kazi yote ya baada ya 1939 haisemeki.

Ile robo ya wahandisi wa reli, lakini, haikutokana na milinganyo ya Greenwood na Williamson. Milinganyo hiyo hueleza kwa nini uwiano upo. Thamani yake kwa chuma juu ya chuma hupimwa hadi leo, kama Coulomb alivyopima.