Mhuri na Moshi

Mwaka 1896 wamisionari wawili waliuawa Akeri, Meru. Wajerumani wakalipiza kisasi juu ya Wameru na Waarusha, na mwaka 1900 Boma la Arusha likajengwa. Silaha ya askari wao wengi ilikuwa Mauser ya 1871. Asili yake husomwa shinani mwa mtutu: mhuri wa taji, jina la kiwanda, kama Spandau, Amberg au Danzig, na mwaka. Ubora wake una mipaka: chuma imara, lakini risasi moja moja, ya milimita 11, kwa baruti nyeusi. Mwaka 1914, vitani, moshi wake ulimfichua mpigaji. Mhuri humtaja mfuaji. Mmeru aliyelengwa haumtaji.