Karatasi ya mwisho ya dereva wa lori

Msikilizaji wa kipindi, na wewe ndugu uliyenunua gazeti hili asubuhi, leo tuanze na mizani. Katika mkoa wetu wa Morogoro madereva wa malori hawana neno linalowatoka mdomoni mara nyingi kuliko hilo. Lori likitoka Dar es Salaam kwenda Zambia na kupimwa Vigwaza, linakuja kupimwa Mikese kabla ya kuingia mjini. Likishaupita mji na kuizunguka milima ya Uluguru kwa upande wa kushoto, Mikumi nako kuna mizani inalisubiri. Kila mahali pana foleni, pana cheti cha uzito, na pana mtu wa kuuliza, "Karatasi zako ziko wapi?"

Vijana wengi wanadhani kupima mzigo katika njia hii ni jambo lililoletwa na lami. La hasha. Kabla gurudumu halijafika hapa, misafara ya wapagazi kutoka Bagamoyo ilipita chini ya milima hii, karibu na ngome ya Simbamwene aliyoijenga Kisabengo. Stanley aliipita mwaka 1871 akiwa njiani kumtafuta Livingstone. Mzigo wa mpagazi ulikuwa na kipimo kilichojulikana na kila mtu, nacho ni frasila mbili, yaani kama kilo 32, mbali na mkeka na chakula chake mwenyewe. Tajiri aliyezidisha alijua hatari yake, kwani wapagazi walikuwa na desturi ya kugoma, na wengine waliutua mzigo porini wakatoweka usiku. Kipimo kile kiliwekwa kwa ajili ya mgongo wa mtu. Naomba uliweke hilo akilini, maana mizani ya leo imewekwa kwa ajili ya mgongo wa barabara.

Sasa turuke hadi Novemba 11, 1965, siku ambayo walowezi wa Rhodesia chini ya Ian Smith walijitangazia uhuru wao. Zambia, iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, haikuwa na bandari, na mafuta yake yalipitia kwa hao hao walowezi. Yalipokatwa, njia iliyobaki ya kutumainiwa ilikuwa hii yetu. Mapipa ya petroli yakapakiwa kwenye malori Dar es Salaam, na malori yakarudi na shaba. Sehemu kubwa ya barabara haikuwa na lami. Masika ilikuwa tope hadi kwenye ekseli, kiangazi vumbi lililomficha aliye mbele. Wageni waliipa jina lenye maana ya mbio za jehanamu, na waliopinduka kwenye miteremko ya Iringa hawakuona kama jina hilo lina chumvi. Mwaka 1966 serikali za Tanzania na Zambia zikaunda kampuni ya pamoja ya malori, Zambia-Tanzania Road Services, kwa ubia na Waitaliano, na barabara ikajaa magari ya Fiat yenye matrela.

Yuko mzee mmoja hapa mjini, upande wa Kichangani, aliyeanza kama utingo mwaka 1967 na baadaye akashika usukani kwa miaka zaidi ya 30. Nilikwenda kumwona.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Unamtakia nini mzee asiyeona hata kibao cha barabarani?"

Nilimwambia nataka kujua alikuwa anatembea na karatasi gani. Akahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na vikabaki. Leseni, hati ya mzigo, na barua ya tajiri yenye mhuri. Gari likiharibika walikata matawi ya mti wakayapanga barabarani nyuma ya gari, mita kadhaa kadhaa, ili anayekuja ajue. (Matawi hayo unayaona hadi leo, ingawa sheria inataka pembetatu zenye kung'aa.) Simu hakuna. Tajiri aliweza kukaa wiki mbili bila kujua gari liko wapi, wala kama dereva yu hai.

Nikamwambia, basi mlikuwa huru. Mzee akacheka. "Huru? Tulikuwa tunaaminiwa au tunasingiziwa, katikati hapakuwapo. Pipa likipungua, neno lako na neno la tajiri, polisi watalisikiliza la nani?"

Maneno hayo yamenifanya niwatilie shaka wale wanaosimulia enzi hizo kama enzi za dhahabu. Dereva asiye na karatasi hasumbuliwi na karatasi, hilo kweli. Lakini pia hana cha kuonyesha siku anapoonewa.

Bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilometa 1,710 hadi Ndola, lilifunguliwa mwaka 1968. Lami ikafuata, kisha reli ya TAZARA katikati ya miaka ya 1970. Wengi walitabiri kifo cha malori, nayo yakazidi kuongezeka. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ndiyo iliyoweka msingi wa mengi tunayoyaona, yakiwamo madaraja ya leseni, ukaguzi wa gari na makosa na adhabu zake. Tangu hapo kila miaka michache kimeongezwa kitu. Na ukichunguza utaona kila karatasi ina mtu au kitu inachokilinda.

Chukua ya uzito. Sheria inasema jumla ya lori na mzigo isizidi tani 56, na kila ekseli ina kiwango chake. Ekseli ya mbele yenye magurudumu mawili ni tani 8, ya nyuma yenye magurudumu manne ni tani 10. Sababu yake ni ya kitaalamu na ni ya kweli, kwamba madhara ya ekseli kwa lami hayapandi sawasawa na uzito, yanaruka. Ukizidisha kidogo unaharibu sana. Lakini angalia inavyomfika dereva. Anakabidhiwa kontena bandarini likiwa limefungwa lakiri. Hakulipakia, na haruhusiwi kulifungua. Akifika Mikese, jumla iko sawa ila ekseli moja imezidi kwa sababu mzigo umelala nyuma. Gari linazuiwa. Faini ni ya mwenye gari, ila anayelala chini ya trela siku mbili ni dereva.

Oktoba 2013 waziri wa ujenzi wa wakati huo, John Magufuli, alifuta nafuu ya asilimia 5 waliyokuwa wakipewa waliozidisha. Wenye malori wakayasimamisha, bandari ikaanza kuziba, na ndani ya mwezi huo huo Waziri Mkuu Mizengo Pinda akairudisha nafuu ile. Magazeti yaliandika juu ya waziri, juu ya matajiri na juu ya hasara ya taifa. Madereva waliokaa kwenye foleni bila posho waliandikwa kwa uchache. Machi 2019 tulianza kutumia sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito, na mabishano ya mwaka 2013 yakawa historia.

Hapa niseme jambo la pembeni kidogo. Panda milimani, Mgeta au Nyandira, asubuhi ya kupakia mboga na viazi. Huko mizani ya barabara kuu haifiki. Lumbesa imepigwa marufuku, gunia lisizidi kilo 100, lakini gunia lenye kilemba utaliona, na utamwona kijana amelibeba mgongoni akiliteremsha kwenye njia ya utelezi hadi kwenye Fuso. Hata gunia halali la kilo 100 ni zaidi ya mara tatu ya mzigo wa mpagazi wa Simbamwene. Nasema tu.

Turudi barabarani, na sasa tuzungumze kwa sauti ya chini. Jumamosi ya Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipinduka karibu na Msamvu. Watu wakakusanyika na madumu kuchota petroli, moto ukalipuka. Wapo waliokufa palepale, na wengine walifia hospitali ya mkoa na Muhimbili kwa siku na wiki zilizofuata, hadi idadi ikapita 100. Taifa liliomboleza siku tatu. Katika mji huu hakuna mtaa ambao hautaji jina la mtu.

Sisi watu wa redio tulizungumza sana juu ya umaskini na uroho. Naona tulizungumza kidogo mno juu ya kazi yenyewe ya kuendesha petroli. Lori la mafuta lilikuwa na karatasi za kodi, za ujazo, za uzito, za bima. Yote hayo yanalinda shehena. Anayetembea kando ya barabara analindwa na nini? Kwa kemikali kama salfa inayopelekwa kwenye migodi ya shaba ya Kongo, Mkemia Mkuu wa Serikali ana utaratibu wa vibali na mafunzo kwa madereva, wajue wamebeba nini na wafanye nini kikimwagika. Dereva mmoja aliyepata mafunzo hayo aliniambia kwamba kwa miaka sita kabla alikuwa akibeba salfa na kujua tu kwamba inanuka. Karatasi ya namna hiyo siwezi kuidharau. Gharama yake ni siku chache darasani, na inaweza kuokoa mtaa.

Ziko pia karatasi za mpakani, na hizi zina vichekesho vyake. Dereva wa Zambia ana kadi za njano mbili, moja ya bima ya gari inayotambuliwa nchi kwa nchi chini ya mpango wa COMESA, nyingine ya chanjo ya homa ya manjano. Ukimwambia "lete kadi ya njano" atakuuliza yangu au ya gari? Tunduma, mahali palipojulikana kwa kulala siku nyingi, paliboreshwa kwa kituo cha pamoja kilichozinduliwa Oktoba 2019 na Rais Magufuli na Rais Lungu, ili gari likaguliwe mara moja badala ya mara mbili. Haikupita hata miezi minane, Mei 2020 Zambia ikafunga Nakonde kwa muda kwa sababu ya korona. Mwezi huo huo Kenya ikawataka madereva kutoka kwetu wapimwe kabla ya kuingia. Dereva akawa yeye mwenyewe shehena inayokaguliwa.

Na leseni je? Mwaka 2010 vile vitabu vya zamani vilianza kuondolewa, zikaja kadi za kielektroniki. Dereva wa lori kubwa anatakiwa kuwa na daraja E na vyeti vya mafunzo, na siku hizi LATRA nao wana mtihani wao wa kuwathibitisha madereva wa magari ya biashara. Mimi naunga mkono. Lakini mwaka 2015 ilitolewa amri kwamba kila dereva anapohuisha leseni, yaani kila baada ya miaka mitatu kwa utaratibu wa wakati huo, arudi darasani kwa fedha zake. Aprili 10 mwaka huo madereva wakagoma nchi nzima. Abiria walikwama Ubungo, walikwama na hapa Msamvu. Serikali ikaiondoa amri ile.

Watu wengi wanakumbuka kwamba mgomo ulihusu darasa. Ulihusu pia karatasi nyingine, na ndiyo maana Mei 4 waligoma tena. Walitaka mikataba ya ajira. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ilipitishwa mwaka 2004, na inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi yake kwa maandishi. Inataja saa 9 za kazi kwa siku na 45 kwa wiki kabla ya malipo ya ziada. Miaka 11 baada ya sheria hiyo, watu wanaoendesha mali ya mamilioni ya shilingi walikuwa wanafunga barabara kudai karatasi moja.

Hebu upange mwenyewe kwa tarehe. Karatasi ya kulinda shehena ilikuwapo tangu mwanzo, ya kulinda barabara na ya kulinda mapato zikafuata. Ya kumlinda jirani wa barabara bado inajengwa. Ya kumlinda aliyeshika usukani ilikuja nyuma ya zote, na haikuletwa na mtaalamu wala mfadhili. Ililetwa na mgomo. Wapagazi wa Simbamwene wangeelewa mara moja.

Wenye malori wananijibu kwamba mikataba sasa ipo, na kwamba dereva mwenye mkataba naye anauza dizeli njiani. Hilo la dizeli ni kweli kwa baadhi, na wanajijua. Ndiyo maana gari siku hizi lina kifaa cha setilaiti, tajiri akiwa Kariakoo anaona limesimama Doma dakika 40. Kifaa hicho hicho kinajua dereva ameendesha saa 14 mfululizo. Sijasikia tajiri aliyempigia dereva simu kumwambia alale.

Wiki iliyopita nilisimama Mikese nikawauliza madereva saba kama wana mkataba. Watano walisema ndiyo. Nikawaomba wanionyeshe. Wakafungua mifuko yao ya plastiki, wakatoa leseni, bima, kadi zote mbili za njano, hati za forodha, cheti cha mizani cha Vigwaza. Mkataba hakuna aliyekuwa nao. Walisema uko ofisini kwa tajiri. Mmoja tu alikumbuka kwamba alipousaini aliomba nakala, akaambiwa mashine ya kurudufu imeharibika. Hiyo ilikuwa mwaka juzi.