Kiti Katika Meza ya Mfalme

Somo: 2 Samweli 9



Mefiboshethi mwana wa Yonathani hakushika upanga, lakini vita vilimlemaza. Alikuwa na miaka mitano habari za kufa kwa baba yake na babu yake zilipofika. Yaya akakimbia naye, mtoto akaanguka, akawa kiwete. Miaka mingi baadaye Daudi alimwita, akamrudishia mashamba ya Sauli na kumpa mahali pa kula mezani pake. Hakumtupia sadaka mlangoni.

Mataifa yalichelewa sana kujifunza jambo hili. Askari aliyepofuka vitani alipewa shukrani na pensheni kidogo, kisha akarudishwa kwao akae tu.

Katika Vita Vikuu vya Kwanza vijana wengi walipoteza macho kwa mizinga na gesi ya sumu. Huko London alikuwako Arthur Pearson, mwenye magazeti, aliyeanzisha Daily Express mwaka 1900. Yeye mwenyewe alikuwa amepofuka kwa ugonjwa. Mwaka 1915 alifungua nyumba ya kuwapokea askari hao, ikajulikana kwa jina la St Dunstan's. Kijana aliyefika alipewa saa ya kupapasa kwa vidole. Twaweza kuiona zawadi hiyo kuwa ndogo. Lakini mtu aliye gizani hajui kama kumekucha, humwuliza kila apitaye, kama mtoto. Kwa saa ile aliacha kuuliza.

Ndipo masomo yakaanza: breli, yaani maandishi ya nukta yasomwayo kwa vidole, kupiga taipu, kushona viatu, kusuka vikapu, useremala, kufuga kuku, kukanda viungo vya wagonjwa. Pearson hakupenda watu wake waliliwe. Na walipokwenda zao hawakusahauliwa: waliletewa vifaa vya kazi, wakasaidiwa kuuza walichotengeneza. Hapa ndipo wema mwingi huishia njiani, kwa maana ni rahisi kumfundisha mtu kusuka kikapu kuliko kumtafutia mnunuzi.

Ian Fraser alipigwa risasi huko Somme mwaka 1916, akapofuka akiwa na miaka 18. Pearson alipofariki mwaka 1921, kijana huyu aliyekuja kufundishwa ndiye aliyewekwa kuongoza kazi yote, akaiongoza hata mwaka 1974. Tena aliingia Bungeni. Katika siku zake, mwaka 1935, vilianza vitabu vya kusikilizwa katika sahani za santuri, na miongoni mwa vya mwanzo ilikuwa Injili ya Yohana. Ndani yake, katika mlango wa 9, mna habari za yule aliyezaliwa kipofu. Twafikiri wengi waliisikiliza sura hiyo mara mbili.

Hapa Kenya pia, katika Vita Vikuu vya Pili, vijana wetu wa King's African Rifles walipelekwa Uhabeshi na Burma, na wengine walirudi hawaoni. Jeshi la Wokovu ndilo lililoanza kuwafundisha maisha mapya. Kutokana na kazi ile kukatokea, mwaka 1946, shule ya vipofu ya Thika, ya kwanza nchini. Watoto ambao hawakusikia mlio wa bunduki walirithi kilichoanzishwa kwa ajili ya askari.

Tangu Oktoba 2011 askari wetu wamekwenda Somalia, na wako waliorudi na majeraha, mengine ya mwili, mengine ya moyo, yasiyofungwa bandeji. Jumapili ya kwanza twawaombea kwa machozi. Akina mama wapeleka sukari na unga. Lakini mwezi wa sita, ni nani apitaye nyumbani kwa ndugu huyo? Na ni nani amwulizaye kama angependa kuhesabu sadaka, au kufundisha vijana, au kuwa katika kamati ya ujenzi?

Mefiboshethi naye hakumaliza taabu zake mezani. Siba, mtumishi aliyewekwa kumlimia mashamba, alimsingizia kwa mfalme ili ayapate yeye. Habari hizo zimo katika mlango wa 16, nasi Mungu akipenda tutazisoma juma lijalo, saa hii hii.