Alarme inanyamaza umeme ukikatika: namna ya kubadilisha batri yake

Bukavu, Goma, Uvira ama Butembo, kuna maduka ya dawa, depo na nyumba zenye alarme ya kuzuia wezi. Mwenye parseli anaona taa ya kijani inawaka kwenye klavie, anaenda kulala bila wasiwasi. Umeme unakatika saa nane ya usiku, mwizi anaruka ukuta, na sirene hailii. Mara nyingi sirene yenyewe iko nzima. Kilichokufa ni batri ndogo ndani ya kisanduku cha alarme, na imekufa zamani bila mtu kujua.

Hiyo ndiyo hatari ya batri hii. Umeme ukiwepo, alarme inaweza kuonekana nzima hata kama batri imeisha kabisa. Mara nyingi ubovu unajulikana tu gizani, wakati mwizi pia anajua kama kartie haina umeme.

Ni batri gani?

Katika visanduku vingi vya alarme za waya, ni batri ya risasi iliyofungwa, isiyoongezwa maji. Iko na volti 12 na mara nyingi ampere-saa 7. Ni aina moja na ile ya ondulere ndogo za ordinatere. Ikitunzwa vizuri inadumu miaka 3 mpaka 5, lakini joto na kuishiwa chaji mara kwa mara vinaiua mapema. Alarme zisizo na waya zinaweza kuwa na batri za namna nyingine. Kwa hizo, nunua ile iliyoandikwa juu ya batri ya zamani.

Kwa nini huku inakufa haraka?

Batri hii ilifikiriwa kwa nchi ambako umeme unakatika mara moja moja. Huku kwetu inafanya kazi kila siku. Maji yakipungua kwenye Ruzizi, takataka za plastiki zikiziba mitambo ya bwawa, ama laini zikikatwa na mapigano, watu wanakaa saa nyingi, hata siku nzima, bila umeme.

Tuchukue mfano. Alarme inakula ampere 0.2, na umeme unakuja saa 4 tu kwa siku. Katika saa 20 zilizobaki, batri inatoa ampere-saa 4. Kama kisanduku kinachaji kwa ampere 0.5, katika zile saa 4 kinarudisha ampere-saa 2 tu. Kila siku batri inapoteza 2, na baada ya siku chache inaisha. Kisha inakaa bila chaji, risasi ndani yake inaharibika, na haiwezi tena kushika umeme sawasawa.

Katika hali hiyo, kuweka batri kubwa zaidi kunachelewesha shida tu, maana kisanduku kinachaji kiasi kilekile. Dawa ni kuunganisha alarme kwenye umeme wa jua wa nyumba, kama upo, kazi ifanywe na fundi. Batri ya gari haifai: inaweza kutoa gesi inayolipuka na asidi, na chaji ya alarme ni ndogo mno kwake.

Kabla ya kulipa

Mnunuzi alinganishe volti, ampere-saa na vipimo vya zamani. Batri ya ampere-saa 7 iko na uzito wa kilo 2 ama zaidi. Ikiwa nyepesi sana mkononi, ni ya kushuku. Aombe ipimwe kwa multimetre mbele yake. Ikionyesha chini ya volti 12.4, imekaa sana dukani bila chaji. Heri aiache.

Namna ya kubadilisha

1. Julisha majirani, sentinele, na kampuni ya ulinzi kama alarme imeunganishwa nayo. Kufungua kisanduku peke yake kunaweza kupiga sirene. Weka kwanza alarme kwenye hali ya majaribio kwa kode ya fundi.

2. Zima umeme kwenye kompteri. Ndani ya kisanduku mnaingia volti 220 zinazoua. Asiyezoea kazi hii aite fundi.

3. Piga picha ya waya kwa simu kabla ya kugusa kitu.

4. Toa waya mweusi kwanza, halafu mwekundu. Chuma chochote kisiguse vichwa viwili vya batri kwa pamoja.

5. Weka batri mpya. Waya mwekundu unaenda kwenye alama ya kujumlisha, kisha mweusi kwenye alama ya kutoa. Ukigeuza, unaweza kuunguza kisanduku.

6. Funga, rudisha umeme, na uandike tarehe juu ya kipande cha plasta kilichobandikwa kwenye batri ama kisanduku.

Kama kitabu cha alarme kinataja utaratibu mwingine, fuata kitabu. Taa ya onyo inaweza kubaki saa kadhaa mpaka kisanduku kipime batri chenyewe.

Majaribio ya kweli

Acha batri ichaji siku nzima, saa 24 za umeme. Halafu zima umeme kwenye kompteri, washa alarme, na mtu mmoja apite mbele ya detekteri. Sirene lazima ilie kwa nguvu. Izime, lakini acha alarme ikae bila umeme saa moja ama mbili, kisha jaribu tena. Ikilia kwa sauti ya kuchoka ama ikinyamaza, batri haifai. Jaribio hili lifanyike kila mwezi, mchana, majirani wakiwa wamejulishwa.

Batri ya zamani

Isitupwe ziwani wala kwenye jalala, na watoto wasiichezee. Ndani yake mna asidi na risasi. Risasi inaharibu ubongo wa mtoto, na hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama. Kuipasua ama kuiyeyusha nyumbani kunaleta sumu hiyo ndani ya parseli. Ihifadhiwe ikiwa nzima, mbali na watoto, kisha irudishwe kwa muuzaji anayepokea batri za zamani.