Jina Kwenye Pindo: Alama za Nguo Tangu Enzi za Gome la Mti

Mwaka 1861, mpelelezi Mwingereza John Speke alipowasili kwa Mfalme Rumanika wa Karagwe, nguo za ng'ambo zilikuwa zimemtangulia. Wafanyabiashara Waarabu walikuwa na kituo chao Kafuro, na miongoni mwa bidhaa walizobeba ilikuwamo merikani, ile shuka ngumu ya pamba iliyofumwa Massachusetts. Wahaya wengi, hata wa upande huu wa Izimbya, Bukoba, walikuwa bado wanavaa ngozi na nguo za gome la mti. Gome halikuhitaji alama yoyote. Aliyelipiga alikuwa mtu wa kijiji kile kile, na likichanika kabla ya wakati wake, mnunuzi alijua mlango wa kubisha.

Merikani ilivunja ujirani huo. Ilitoka ng'ambo ya bahari, ikapita Zanzibar, ambako Marekani ilikuwa na konseli tangu 1837, ikabebwa mabegani hadi maziwa makuu. Nani angemjua mfumaji? Mnunuzi alibaki na jina la nchi tu. Vita vya ndani vya Marekani, kati ya 1861 na 1865, vilipoikausha biashara hiyo, viwanda vya Uingereza na Bombay viliziba pengo, na shuka zilizofumwa kwingine zikaendelea kuitwa merikani. Hapo ndipo tulipojifunza kwamba jina linauza, na kwamba linaweza kuazimwa bila ruhusa ya mwenyewe.

Ulaya nako walikuwa wanahangaika na jambo hilo hilo. Charles Frederick Worth, fundi Mwingereza aliyefungua duka Paris, alianza kushonea jina lake ndani ya magauni katika miaka ya 1860. Mwaka 1887 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwabana waliobandika alama za uongo kwenye bidhaa.

Mwaka huo huo wa 1887, Kaderdina Hajee Essak alianza biashara yake Mombasa. Watu walimwita Abdulla. Kanga zake zilichapwa maneno ambayo bibi zetu waliyatambua hata kama hawakwenda shule: K.H.E. – Mali ya Abdulla. Yeye pia anatajwa kuwa ndiye aliyeeneza desturi ya kuweka methali kwenye kanga. Methali zimeandikiwa vitabu, nami sina ugomvi nazo, lakini ile alama ndogo ya mwenye mali imesahauliwa isivyostahili. Methali ilimsemea mvaaji kwa majirani. Alama ilimsemea mtengenezaji kwa mvaaji: rangi ikichuja, aibu ni yangu.

Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, meli zikaiunganisha Bukoba na Mombasa. Kahawa ikatoka, nguo za pamba zikaingia, na gome likarudi nyuma taratibu. Baada ya uhuru zikaja alama za viwanda vyetu wenyewe. Kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilifunguliwa 1968. Mwanza kulikuwa na Mwatex, ng'ambo tu ya ziwa. Kuvaa kitenge chenye jina la kiwanda cha nchi yako lilikuwa jambo la fahari, na naamini fahari hiyo ilikuwa ya haki.

Kisha tukapungukiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nguo ziliadimika, na biashara ilipolegezwa kuanzia 1984, mitumba ikamiminika. Mnunuzi akageuza ukosi kwanza, asome lebo, ndipo aulize bei. Alikuwa anasoma majina ya watu wasiojua kama Izimbya ipo.

Alama ina kazi nyingine za nyumbani. Aliyesoma bweni anakumbuka kutarizi jina lake kwenye shati la sare, la sivyo lingeondoka kambani na wa kwanza kupita. Lebo huonyesha saizi, aina ya kitambaa na namna ya kufua. Kubwa kuliko yote, humrudisha mteja kwa aliyeshona.

Hapo ndipo fundi cherehani wa kijijini anapopoteza. Anakata na kushona gauni la harusi likasifiwa ukumbi mzima, na ndani ya ukosi hakuna hata herufi moja yake. Wageni waliolipenda wanarudi Muleba au Bukoba mjini bila kujua wamtafute nani.

Fundi wa Izimbya, anza na kipande kidogo cha kitambaa chenye jina lako na namba ya simu, ukishonee kwenye kila nguo inayotoka mkononi mwako. Biashara ikikua, nenda BRELA, wakala wa usajili wa biashara, ukasajili alama yako chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986. Usajili wa kwanza hudumu miaka 7, na ukihuishwa unapewa miaka 10 mingine.