Alama za Jumamosi na Mtihani Mkubwa

Ndugu zangu mliosoma Kibaha, nanyi wadogo zetu mlioko madarasani,

Nilipofika shuleni mara ya mwisho niliwakuta vijana watano wameizunguka kompyuta moja, wanabishana. Baada ya "shikamoo mzee" na "marahaba", nilielezwa chanzo cha ubishi. Sisi tuliosoma hapa tumeombwa tuchangie nauli na mafunzo ya vijana wachache wanaojiandaa kwa olimpiadi ya kompyuta. Mmoja alitaka wachukuliwe wenye alama za juu katika mashindano ya mtandaoni, na mjadala ufungwe. Mwingine, mkimya, akasema, "Mzee, mimi nimeshindana mara tatu tu. Alama yangu itakuwaje kubwa?"

Sikuwa na jibu la papo hapo. Niliporudi nyumbani Kisarawe nililifikiri, nikaona kwamba swali hili ni la zamani kuliko kompyuta yenyewe: je, alama za kila wiki hutabiri mtihani mkubwa?

Kwanza tuielewe hiyo alama. Mashindano ya mtandaoni yanayojulikana sana ni ya Codeforces, yaliyoanzishwa mwaka 2010 na Mike Mirzayanov wa mji wa Saratov, Urusi. Namna yake ya kupima inafuata wazo la Arpad Elo, mwalimu wa fizikia aliyezaliwa Hungaria na kuishi Marekani, ambaye kipimo chake kilikubaliwa na shirikisho la dunia la mchezo wa sataranji mwaka 1970. Wazo ni jepesi. Ukifanya vizuri kuliko ulivyotarajiwa, alama inapanda. Ukifanya vibaya, inashuka. Kwa hiyo aliyeshindana mara mia amekwisha kufika mahali pake, na aliyeshindana mara tatu bado yuko njiani.

Sasa tugeukie historia yetu. Shule hii ilipofunguliwa mwaka 1965, chini ya mpango wa nchi za Nordiki, mitihani mikubwa ya sekondari ilikuwa ikitoka Cambridge, Uingereza. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa jirani zetu wa Minaki, Kisarawe, chuo kilichohamia huko kutoka Kiungani, Unguja, mwaka 1925. Siku chache za mtihani ziliamua maisha ya mtu. Mwaka 1971 Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, na mwaka 1973 likaundwa kwa sheria Baraza la Mitihani la Tanzania. Kisha likaja Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililopinga kumpima kijana kwa karatasi moja tu ya mwisho. Kuanzia mwaka 1976 kazi za mwanafunzi za kila siku zikaanza kuhesabiwa pamoja na mtihani, na kwa miaka mingi zilibeba nusu ya alama.

Nia ilikuwa njema. Lakini hapo tulijifunza jambo la kwanza. Alama ya wiki ikiwa haina zawadi, ni kioo: unajitazama na kujirekebisha. Ikishabeba zawadi, watu huanza kuitafuta alama yenyewe badala ya elimu. Uzito wa alama hizo umebadilishwa mara kadhaa tangu hapo, na ubishi haujakwisha.

Jambo la pili tulilipata mwaka 2013. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa mwezi Februari, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa na divisheni sifuri. Mwezi Mei serikali iliyafuta, yakapangwa upya kwa utaratibu wa mwaka uliotangulia. Maelfu waliohesabiwa kuwa wameanguka wakawa wamefaulu. Watoto walikuwa wale wale na majibu yale yale. Kilichobadilika ni rula. Basi kabla hatujauliza nani ana alama kubwa, yafaa tuulize imepimwa kwa rula gani.

Asifuye mvua imemnyea, na mimi imeninyea. Miaka ya 1990, nikiwa kidato cha tatu, sisi wanafunzi tulijiundia mashindano ya hesabu kila Jumamosi jioni: maswali ishirini, dakika arobaini. Mimi ndiye niliyetunza daftari la alama, na mara nyingi nilikuwa katika watatu wa kwanza. Tulipoalikwa kushindana na shule ya jirani, niliwachagua watano wa juu kwa kufuata daftari. Mwenzetu mmoja, jina lake nalihifadhi, hakuwa hata katika ishirini bora, maana aliandika polepole na kufuta mara mbili. Nilimwacha. Tulipofika tulipewa maswali manne tu na saa tatu. Hodari wangu wa mbio waliishiwa pumzi kwenye swali la pili, nami nikiwa mmoja wao. Katika mtihani wa taifa wa hesabu mwenzetu yule alipata A, mimi nikapata C. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma.

Tofauti hiyo hiyo ipo leo. Shindano la kawaida la mtandaoni huchukua kama saa mbili, na kila dakika inayopita hupunguza thamani ya jibu. Olimpiadi ya kimataifa ya kompyuta, iliyoanza mwaka 1989 huko Pravetz, Bulgaria, ni siku mbili za saa tano tano, kwa maswali matatu kila siku. Mapema au mwishoni, jibu lina thamani ile ile, na aliyetatua sehemu ya swali hupewa alama za sehemu hiyo.

Sisemi kwamba alama za mtandaoni ni uongo. Gennady Korotkevich wa Belarus alichukua medali ya dhahabu ya olimpiadi hiyo mara sita mfululizo, 2007 hadi 2012, na ndiye aliyekaa kileleni mwa Codeforces kwa miaka mingi. Aliye juu sana huonekana kwa kila rula. Lakini kati ya wa tatu na wa kumi, alama hizo haziamui. Tena, kijana anayeiona kompyuta muhula wa masomo tu, na likizo yuko kijijini bila umeme wala fedha za intaneti, alama yake inatueleza zaidi habari za nyumba yake kuliko za kichwa chake.

Hivyo naishauri kamati. Kila nchi hupeleka vijana wanne tu, nasi hatuna fedha za kubahatisha. Tuwape vijana wote wanaotaka majaribio matatu ya saa tano, kwa sura ile ile ya olimpiadi, kwenye kompyuta za shule. Alama ya mtandaoni iwe shahidi mmoja, isiwe hakimu. Na nafasi moja tuiweke kwa yule anayepanda kwa kasi kutoka jaribio la kwanza hadi la tatu, hata kama bado yuko chini.

Mimi nitachangia nauli ya nafasi hiyo. Ni deni langu la tangu kidato cha tatu.